Sola za saizi mbili, feni ya upepo na inverta moja: vinakutania wapi?

Dada mmoja wa Mafia kaniandikia, nafupisha swali lake hapa ili na wengine mfuatilie. Ana friza ya samaki, nguzo za umeme hazijafika shambani kwake. Ana paneli nne za zamani za wati 100, juzi kaongeza mbili kubwa za wati 550, shemeji yake kamletea feni ya upepo (ile ya nguzoni ya kuzalisha umeme) ya wati 400 ya volti 24 kutoka Oman. Ana betri mbili za jeli za AH 200 zina miaka miwili, na kuna boksi la betri mpya ya lithiamu, volti 25.6 AH 100, hajalifungua. Inverta yake ni ya volti 24, kilowati 3. Fundi wa kwanza kamwambia paneli zote sita zipangwe mstari mmoja ziingie kwenye inverta, na feni iingie humohumo. Fundi wa pili kasema kila kitu kiwe na inverta yake afu nyaya za kutokea ziunganishwe pamoja. Anauliza, "Kaka nimsikilize nani, samaki wangu wanaharibika."

Pole sana dada yangu. Kwa hili usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, na tafadhali boksi la lithiamu liache lilivyo mpaka umalize kusoma hapa, maana ndo penye hatari kuliko pote.

Kitu cha kushika ni kimoja, mengine yote yanatokea hapo. Vyanzo vya DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) havikutani kwenye mdomo wa inverta, vinakutana kwenye betri. Kila chanzo kinakuja na kontrola yake, kontrola ndo inayokishusha au kukipandisha mpaka kifanane na volti za betri, afu vyote vinamwaga kwenye basba moja (kile kipande cha shaba kilichofungwa kwenye betri cha kuunganishia nyaya) na inverta inachota hapohapo. Inverta haijui huu umeme umetoka juani au umetoka kwenye upepo na wala haina haja ya kujua. Ni kama tangi la maji la nyumbani, la mvua linaingia kwa juu, la kisima linaingia kwa pampu, kila bomba na koki yake, mchotaji yuko chini na bomba lake moja. Ukijaribu kuunganisha mfereji wa mvua na pampu ya kisima moja kwa moja bila tangi katikati, maji ya pampu yanapanda kwenye mabati badala ya kushuka kwenye ndoo.

Sasa tuanze na ushauri wa fundi wa kwanza. Geuza paneli usome karatasi ya nyuma. Ile ya wati 100 ina volti kama 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu, ikifanya kazi vizuri inakaa volti 18 na ampea 5.5 hivi. Ile ya 550 ina volti karibu 50 ikiwa wazi, kazini inakaa 42 na ampea 13. Ukipanga kwa mstari, yaani chanya ya huyu kwenye hasi ya yule, volti zinajumlishwa. Nne ndogo ni 88, mbili kubwa ni 100, jumla 188. Kwenye picha ya stika ya inverta yako uliyonitumia nimeona imeandikwa sola mwisho volti 145, na MPPT, yaani kontrola ya sola iliyomo ndani ya inverta yenyewe, inafanya kazi kati ya 30 na 115. Kwaiyo siku unayowasha hiyo swichi asubuhi ndo siku unayoizika hiyo inverta, maana volti zikizidi pale transista za ndani zinapasuka hapohapo na hakuna fyuzi itakayowahi, fyuzi inalinda ampea, hailindi volti.

Na kumbuka volti za paneli zinapanda baridi na kushuka joto. Zile namba za nyuma zimepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25. Saa sita mchana kwenu paneli inafika hata nyuzi 60, hapo inapoteza kama asilimia 10 ya volti zake, ila alfajiri jua likichomoza paneli ikiwa bado ya baridi volti ziko juu kabisa. Kwenu Mafia tofauti ya asubuhi ni ndogo, ila anayesoma hii yuko Makete au Njombe ambako kunapiga baridi kweli, aongeze kama asilimia 6 au zaidi kwenye hesabu yake kabla hajaunganisha chochote. Nimeona watu wanaipiga hesabu mchana jua kali, mita inasoma vizuri, wiki mbili baadaye asubuhi ya baridi inverta imekufa na wanalaumu duka.

Tuseme inverta ingebeba hizo volti 188. Bado ungepata hasara, kwa sababu kwenye mstari mmoja ampea ni moja kwa wote. Zile ndogo haziwezi kupitisha zaidi ya 5.5, kwaiyo ama kubwa zinabanwa zitoe hizo 5.5 badala ya 13, ama umeme unaamua kuziruka ndogo kwa kupitia diodi zilizoko kwenye kile kiboksi cha nyuma, na hapo paneli zako nne zinakuwa pambo la bati, hazitoi kitu na diodi zinachemka siku nzima. Paneli za ampea tofauti usizipange mstari mmoja, hili sina mjadala nalo.

Fundi wa pili naye. Huyu amekaribia kidogo, amejua kwamba kila chanzo kinataka chombo chake, ila kakosea mahali pa kuviunganisha. Umeme unaotoka mbele ya inverta ni AC, unapanda na kushuka mara 50 kila sekunde. Inverta mbili ambazo hazisikilizani kila moja ina mapigo yake, moja iko juu kwenye volti 325 nyingine iko chini kwenye 325 ya upande wa pili, tofauti yake ni volti 650 na nyaya umezigusanisha. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Zipo inverta zinazoweza kufungwa pamoja, lakini zinakuwa za aina moja, zina waya wa mawasiliano kati yao na zimesetiwa nani anaongoza. Na zipo zile zinazofuata mapigo ya gridi, ila hizo gridi isipokuwepo zinajizima, na wewe gridi huna.

Hili la mapigo si la kwetu mafundi wadogo peke yake. Ile laini kubwa ya kutoka Sodo kule Ethiopia mpaka Suswa Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, wameijenga ya DC, kilovolti 500, ina uwezo wa megawati 2,000. Safari ndefu ni sababu mojawapo, ila faida nyingine ni hii hii tunayoongelea, gridi mbili zenye mapigo tofauti zinakutana kwenye DC bila kugombana kwa sababu DC haina mapigo ya kulinganisha, afu Suswa ndo inageuzwa kuwa AC inayofuata mapigo ya Kenya. Wewe na friza yako mnafanya kitu kilekile.

Kuna na njia ya tatu utaisikia, ya kuweka diodi kwenye kila chanzo ukaviunganisha bila kontrola. Diodi inazuia umeme usirudi nyuma, hiyo ni kweli, lakini haigawi kazi, mwenye volti kubwa ndo anatoa na wengine wanasubiri. Diodi haijui pia betri imejaa. Usifanye.

Haya, sasa kwako wewe.

Paneli mbili kubwa zipange mstari mmoja zenyewe tu, ziingie kwenye tundu la sola la inverta. Zikiwa wazi ni volti 100, kazini 84, ziko chini ya 145 na ziko ndani ya 30 mpaka 115. Wati 1,100 kwa volti 26 za betri ni kama ampea 42, stika inasema chaja ya sola mwisho 60, uko salama. Hapa niseme na wengine, inverta nyingi zinazoingia saivi sokoni tundu la sola linaanzia volti 120, ukiifungia paneli mbili za 550 haiamki kabisa, volti 84 kwake ni kama hakuna kitu, na watu wanarudisha wakidhani mbovu. Soma stika kabla ya kulipa. Zipo pia zenye MPPT mbili, hizo unaweza kuleta mistari miwili tofauti kila mmoja na tundu lake, na kama ungekuwa hujanunua ningekwambia uchukue hiyo.

Zile ndogo nne fanya mbilimbili, mbili mstari zinakuwa volti 36, afu hizo jozi mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa ampea 11. Volti 36 kwa betri ya 24 inakubalika hata na ile kontrola ya kizamani ya PWM, kama yako imeandikwa 12/24 usikimbilie dukani. PWM inatupa zile volti za juu, kwa hesabu ya karatasi unapata kama wati 300 badala ya 400, lakini kwa joto la pwani paneli zenyewe zinakuwa zimeshashuka kwaiyo pengo halisi ni dogo. Ingekuwa ni zile za 550 ningekukataza, maana moja ya 550 kwenye PWM ya volti 24 inakuletea ampea 13 kwa volti 27, ni wati 350, wati 200 umezitupa baharini. Tahadhari moja tu, kontrola nyingi za PWM za bei nafuu zimeunganisha chanya kwa ndani, siyo hasi. Kwaiyo hasi ya paneli ndogo usiiguse na hasi ya paneli kubwa wala ya betri, hata kama waya zinapita bomba moja na mkono unawasha kuokoa waya. Kila kundi lije na waya zake mbili mpaka kwenye kontrola yake.

Feni ya upepo ndo ina tabia ya peke yake. Paneli ukiikata kwenye betri inakaa tu juani, inapanda mpaka volti zake za mwisho inatulia. Feni ukiikata haitulii, mzigo ukiondoka hakuna kinachoishika, inazunguka kwa kasi ya upepo wote na volti zinapanda nayo. Ndo maana haiingii kwenye tundu la sola hata siku moja, kwa sababu MPPT ikiona betri imejaa inafanya nini, inaacha kuvuta, na feni inabaki haina mzigo. Feni inataka kontrola yake yenye mzigo wa kumwagia, yaani lile kopo la rezista au hita, betri ikijaa umeme unahamishiwa kule uwe joto na feni inabaki imeshikwa.

Mwaka mmoja nilikuwa Pangani, kusi imechachamaa, nimelala kwenye nyumba ambayo nilikuja kuwarekebishia sola. Usiku fyuzi ya betri ikakatika, na wao walikuwa wamefunga feni bila rezista. Nilichosikia kwanza ni kama nyuki, afu ikawa kama pikipiki imeshikwa akseli hadi mwisho, nguzo inatetemeka mpaka mabati yanalia. Nikaenda na tochi kwenye zile nyaya tatu zinazoshuka, mita inasoma zaidi ya volti 90, feni ya volti 24. Sikuthubutu kuzigusanisha ili kuifunga breki, kwa kasi ile ungeunguza koili au ungevunja shafti. Tulikaa ndani. Asubuhi panga moja la feni tulilikuta limechomeka kwenye mchanga hatua kama 30 kutoka kwenye nguzo, na pale ndo watoto huwa wanacheza. Kwaiyo dada, swichi ya breki ya nyaya tatu weka, ifunge upepo ukiwa mdogo kabla kusi haijakolea, na rezista usiiweke karibu na makuti.

Na usitegemee hizo wati 400 kila siku. Hiyo namba ni ya upepo mkali, kama mita 12 kwa sekunde. Nguvu ya upepo inaenda kwa kasi mara kasi mara kasi, kasi ikipungua nusu nguvu inabaki moja ya nane, yaani upepo wa mita 6 ambao kwako unaonekana mzuri tu unakupa kama wati 50. Ila usiku wa kusi, wakati wa mawingu ambapo sola zimelala, hizo 50 usiku kucha ni nusu uniti, si haba.

Tuje kwenye betri, na hapa ndo nilikwambia boksi usifungue. Jeli na lithiamu usizifunge pamoja kwenye basba moja. Zote zinaitwa volti 24 lakini si sawa. Jeli iliyojaa ikipumzika inakaa volti 25.6, lithiamu iliyojaa inakaa 26.5 hivi. Ukizigusanisha lithiamu inaanza kumimina kwenye jeli mchana na usiku bila faida, na kwa kuwa lithiamu haina ukinzani mkubwa ndani, ule mmiminiko wa kwanza kama jeli imeshuka ni ampea nyingi sana, lagi (vile vichwa vya waya vinavyofungwa kwenye betri) zinabadilika rangi ukiangalia. Jeli nayo inataka kujazwa polepole na kushikiliwa, lithiamu haitaki kushikiliwa juu. Ukimridhisha mmoja unamuua mwingine.

Kuna la pili ambalo mafundi wengi hawalifikirii. Lithiamu ina BMS ndani, yaani saketi ya kuilinda, volti zikizidi inajikata yenyewe. Sasa fikiria usiku wa upepo, lithiamu imejaa, BMS ikakata, feni inaendelea kusukuma, betri haipo tena kwenye basba ya kutuliza volti, kitu pekee kilichobaki pale ni inverta yako. Inakufa pale pale. Jeli haijikati, iko pale wakati wote kama mto wa kupokea.

Kwaiyo kwako nashauri basba mbili. Upande wa kwanza ni lithiamu, inverta na paneli kubwa, huu ndo wa friza. Upande wa pili ni jeli, feni na paneli ndogo, huu wa taa za volti 24, feni za ndani, chaji za simu kwa kishusha volti. Katikati weka chaja ya DC kwenda DC, ya 24 kwenda 24, ya ampea 20 au 30, inayopeleka upande mmoja tu, kutoka jeli kwenda lithiamu. Iseti iwake upande wa jeli ukifika volti 27 na izime ukishuka 25.6. Maana yake jeli inashiba kwanza, ziada ya upepo na ya paneli ndogo ndo inavuka kwenda kwenye friza, na hakuna siku lithiamu itarudi kumlisha jeli. Hela ya hiyo chaja ikichelewa, pande zote mbili zinafanya kazi zenyewe bila kuunganishwa, utaiongeza baadaye bila kubomoa kitu.

Friza itatosha? Tuseme inavuta wati 120 na kompresa inafanya kazi nusu ya muda, siku nzima ni uniti 1.4 hivi, usiku 0.7. Lithiamu yako ina uniti 2.5, ukitumia asilimia 80 ni mbili. Paneli kubwa kwa masaa manne au matano ya jua kali kwa siku zinakuletea uniti tatu hadi nne. Inatosha na inabaki, na inverta ya kilowati 3 itabeba ule mshtuko wa kompresa kuwaka ambao ni mara tano au sita ya wati zake. Chaji ya lithiamu iseti volti 28.2, usifike 29.2 iliyoandikwa kwenye boksi, hiyo ni ya mwisho na hutaki BMS ikate. Jenereta ukiwa nayo, iingie kwenye tundu la kuingizia AC la inverta, isiguse waya wa kutokea.

Waya usizionee huruma. Kilowati 3 kwa volti 24 ni ampea karibu 140, betri kwenda inverta weka waya wa milimita za mraba 50 usiozidi mita mbili, na fyuzi ya DC ya ampea 200 jirani kabisa na chanya ya betri. Kila kinachoingia kwenye basba kiwe na fyuzi au breka yake. Na breka iwe ya DC. Ile ya kawaida ya nyumbani inategemea AC ipite sifuri mara 100 kwa sekunde ndo cheche izimike, DC haipiti sifuri, ukizima cheche inabaki imesimama ndani. Nimewahi kuishika moja hivyo, nimezima, kimshale kiko chini, lakini kwenye ule ufa wa plastiki unaona mwanga wa bluu na harufu ya kuungua inapanda, na paneli zinaendelea kutoa. Ilibidi nikimbilie kufunika paneli na blanketi. Hata za DC nyingine zina alama ya chanya na hasi, ukifunga kinyume zinafanya hivyohivyo.

Kwa chumvi ya kwenu tumia lagi zilizopakwa bati, kaza kwanza, afu ndo upake grisi juu, siyo grisi kwanza.

Kabla hujaita fundi nipimie vitatu unitumie: volti za kila jeli peke yake asubuhi kabla jua halijagusa paneli, volti za jozi ya paneli kubwa ikiwa haijaunganishwa na inverta saa mbili asubuhi, na urefu wa waya kutoka nguzo ya feni mpaka pale utakapoweka betri. Kama jeli mojawapo iko chini ya 12.2 na mwenzake iko 12.7, hiyo moja imechoka, na hapo upande wa pili tutaupanga upya.